Dawa imeonekana ndogo na albumini iko chini: tuongeze dozi ya baba au tupunguze?

"Daktari, shikamoo. Tunaishi Tanga mjini. Baba yetu ana miaka 61 na alipandikizwa ini India miezi saba iliyopita. Ini lake liliharibiwa na homa ya ini aina ya B. Anatumia dawa za kushusha kinga, yaani takrolimusi miligramu 2 asubuhi na 2 usiku, maikofenoleti miligramu 500 mara mbili kwa siku na prednisoloni 5 asubuhi, pamoja na tenofoviri ya virusi vya B. Wiki iliyopita nilimpeleka Dar kupima. Dozi ya usiku alikunywa saa 2 kama kawaida, tukatoka na basi la alfajiri, ya asubuhi hakuinywa kama tulivyoelekezwa, na damu akatolewa saa 8 mchana. Majibu: takrolimusi 4.1 wakati tumeambiwa iwe 6 hadi 8, albumini (protini ya damu) 26, damu (himoglobini) 8.4, kreatinini (kipimo cha figo) 128 na miezi mitatu nyuma ilikuwa 90. Vipimo vya ini, ALT na bilirubini, wamesema viko sawa. Jioni miguu inavimba, na mikono inamtetemeka akishika kikombe. Kijana wa duka la dawa anasema tuongeze iwe 3 na 3, dawa ni ndogo na ini litakataliwa. Shangazi, ambaye ni muuguzi mstaafu, anasema tupunguze kwa sababu protini ikiwa chini dawa inakuwa kali. Mama anampikia uji na mchicha tu, maana tangu zamani tuliambiwa protini inalichosha ini. Kliniki ni wiki tatu zijazo. Tumsikilize nani?"

Marahaba, mwanangu, na poleni kwa safari na kwa usingizi mnaoukosa. Nianze na jibu, maelezo yafuate. Msiongeze, wala msipunguze. Baki na 2 na 2 kwa saa zilezile. Ila wiki tatu ni mbali mno. Kreatinini iliyopanda namna hiyo, miguu inayovimba na mikono inayotetemeka ni mambo ya kumwona daktari wiki hii hii, hata kama mtaanzia hapo hospitali ya Bombo na kuwapigia simu waliompandikiza mkiwa na majibu mkononi.

Nikiwaelewa vizuri, mmebanwa na hofu mbili. Kijana wa dukani anahofia mwili wa mzee utalikataa ini kwa kuwa dawa ya kushusha kinga haitoshi. Shangazi anahofia dawa hiyohiyo inamuumiza kwa kuwa protini ya kuishika imepungua. Hofu zote mbili zina msingi, ndiyo maana mmeshindwa kumkatalia yeyote. Lakini kabla hatujafika kwenye protini kuna jambo ambalo wote wawili wamelipita, na nimeliona kwa sababu wewe uliandika saa. Wengi huniandikia namba tupu, na kwa dawa hii namba isiyo na saa haina maana.

Hebu hesabu. Dozi ya mwisho saa 2 usiku, damu saa 8 mchana. Hizo ni saa 18. Ile 6 hadi 8 mliyopewa ni ya damu inayotolewa saa 12 baada ya dozi, muda mfupi kabla ya kunywa inayofuata. Mlielekezwa sawasawa kwamba asinywe dawa kabla ya kipimo. Kilichosahaulika ni kwamba basi la kutoka Tanga linakula asubuhi nzima, na ukifika kuna foleni. Kwa mtu aliyepandikizwa ini, takrolimusi hupungua kwa nusu kila baada ya saa 12 hivi, ingawa watu hutofautiana sana. Kwa mwendo huo saa 6 za ziada zinaweza kuwa zimeondoa karibu theluthi ya dawa, na 4.1 ya saa 8 mchana huenda ilikuwa karibu 5.8 saa 2 asubuhi. Haya ni makisio na hayafai kubadilishia dozi. Yanatosha tu kuonyesha kwamba namba inayowatia hofu si ile mliyodhani mnaipima. (Natumaini dozi ya asubuhi aliinywa mara tu baada ya kutolewa damu, maana kukaa saa 24 bila dawa ni jambo jingine kabisa.)

Safari ijayo, damu isafiri na mzee abaki nyumbani. Kipimo hiki hutumia damu nzima iliyotiwa kwenye kile kichupa cha kifuniko cha zambarau, na dawa iliyomo hudumu bila kuharibika kwa siku kadhaa ikiwekwa kwenye baridi. Piga simu maabara ya Dar uulize kama wanapokea sampuli kutoka mikoani, na masharti yao ya kuisafirisha. Wakikubali, damu itolewe hapo Tanga saa 2 kamili asubuhi, saa iandikwe kwenye kichupa na kwenye fomu, mzee anywe dawa yake na kustaftahi. Wakikataa, mlale Dar usiku wa kuamkia kipimo. Na ukipata maabara, baki nayo hiyohiyo. Mashine hazifanani, nyingine husoma juu kidogo kuliko nyingine kwa damu ileile, na nimeona watu wakibadilishiwa dozi kumbe kilichobadilika ni maabara.

Sasa tuje kwenye protini, maana hapa ndipo shangazi na kijana wanapogongana.

Takrolimusi, dawa iliyopatikana kwa bakteria wa udongo wa Tsukuba, Japani, mwaka 1984, ikiingia kwenye damu haizunguki peke yake. Sehemu kubwa kabisa hukaa ndani ya chembe nyekundu, ambamo kuna protini zinazoing'ang'ania. Ile inayobaki kwenye maji ya damu, karibu asilimia 99 yake imeshikwa na albumini pamoja na protini nyingine. Iliyo huru, isiyoshikwa na chochote, ni kiasi kidogo sana, na kazi yote inafanywa na hicho kidogo. Ndicho kinachoingia kwenye chembe za kinga na kuzizuia zisilishambulie ini. Ndicho pia kinachobana mishipa midogo ya figo na kutetemesha mikono, na ndicho pekee ambacho ini linaweza kukivunja na kukitoa mwilini. Mashine ya maabara haioni tofauti hiyo. Inapasua chembe, inahesabu dawa yote kwa pamoja, iliyoshikwa na iliyo huru, na kukupa namba moja.

Fikiria umesimama barabarani ukihesabu watu waliomo kwenye daladala zinazokwenda sokoni. Biashara inafanywa na walioshuka, lakini wewe unahesabu waliopanda. Siku daladala zikipungua, hesabu yako itashuka, na bado idadi ya watu waliomo sokoni inaweza kuwa ileile ya jana. Chembe nyekundu na albumini ndizo daladala. Mzee ana damu 8.4 na albumini 26, wakati albumini ya mtu mzima mwenye afya ni gramu 35 hadi 50 kwa lita. Kwa hiyo vyote viwili vinavyobeba dawa vimepungua, na namba ya jumla lazima ishuke hata kama hakuna kilichoharibika kwenye dozi.

Hapa ndipo watu wengi, hata wa fani yetu, hukosea. Husema: protini ikipungua, dawa iliyoachiwa inabaki huru mwilini, basi dawa imekuwa kali. Hilo ni kweli kwa siku chache za mwanzo. Lakini ini huivunja takrolimusi polepole, na kiasi linachovunja hufuata kiasi kilicho huru. Dawa huru ikipanda, ini lililo zima huvunja nyingi zaidi, mpaka dawa huru inarudi pale ilipokuwa kabla protini haijashuka. Mwishowe dawa huru ni ileile na jumla imekuwa ndogo. Ukiona jumla ndogo ukaongeza dozi kutoka 2 hadi 3, umeongeza kwa nusu, na dawa huru nayo itapanda kwa takriban nusu. Karatasi itapendeza, figo zitaumia. Ndiyo sababu namkatalia kijana wa dukani, ingawa nia yake ni njema.

Shangazi naye, kwa takrolimusi, siwezi kumkubalia apunguze. Ini la mzee kwa vipimo mlivyonipa linafanya kazi, hivyo dawa huru imekwisha kujirekebisha. Ukipunguza dozi unapunguza hiyo iliyo huru, na hapo kweli unafungua mlango wa ini kukataliwa. Ila shangazi angekuwa na haki katika hali moja: kama albumini imeshuka kwa sababu ini jipya lenyewe linaumwa. Ini likichoka halitengenezi albumini ya kutosha na pia halivunji dawa. Hapo dawa huru hupanda na kubaki juu, na mgonjwa huumia huku namba ya jumla ikionekana ya kawaida tu. Kwa hiyo swali la daktari wenu halitakuwa "albumini ni ngapi" peke yake. Atauliza imeshuka kwa nini.

Wako madaktari wanaofanya hesabu ya kurekebisha namba kwa wingi wa chembe nyekundu. Damu ya 8.4 ni sawa na chembe nyekundu asilimia 25 hivi ya ujazo wa damu, wakati mtu mzima mwenye afya anakaribia 45. Ukichukua 4.1 ukazidisha kwa 45 ukagawa kwa 25, unapata karibu 7.4. Mimi hesabu hiyo naifanya pembeni ili nisikurupuke kuongeza dozi, na nikiimaliza naiacha hapo hapo. Si kanuni ya kuandikia dawa. Kupima dawa huru yenyewe kungemaliza ubishi, lakini ni kipimo cha maabara chache sana za utafiti duniani, usihangaike kukitafuta.

Kinachonisaidia zaidi ya hesabu ni mzee mwenyewe. Mikono kutetemeka na kreatinini kupanda ni mambo ninayoyaona kwa mtu ambaye takrolimusi inamfikia vizuri, pengine kupita kiasi. Kwa mtu ambaye dawa haimtoshi sitegemei kuyaona. Sisemi ni ushahidi kamili. Takrolimusi hushusha magnesi, na magnesi ikishuka mikono nayo hutetemeka. Tenofoviri yenyewe inaweza kuumiza figo, na ipo tenofoviri ya aina nyingine iliyo laini zaidi kwa figo, kwa hiyo mwulizeni daktari anatumia ipi. Msiiache kwa hofu. Ikikatika, virusi vya B vinaweza kurudi kwenye ini jipya. Habari njema ni kwamba ALT na bilirubini ziko sawa. Ini likianza kukataliwa, mara nyingi vipimo hivyo hupanda kabla mgonjwa hajahisi kitu. Kwa hiyo mna nafasi ya kupima upya kwa saa sahihi badala ya kukimbilia kubahatisha.

Niliyoyasema hadi sasa ni ya takrolimusi. Kwenye maikofenoleti hoja ya shangazi ina uzito zaidi. Dawa hii haijifichi kwenye chembe nyekundu. Karibu asilimia 97 yake imeshikwa na albumini, na albumini ikishuka chini ya 30 hivi, sehemu iliyo huru huanza kupanda. Ini huirekebisha kama ilivyo kwa takrolimusi, lakini figo zikilegea mambo hubadilika: taka inayotokana na dawa hiyo, ambayo kwa kawaida hutoka kwa mkojo, hujazana kwenye damu na kuisukuma dawa itoke kwenye albumini. Mtu mwenye albumini ya chini na kreatinini inayopanda kwa wakati mmoja ndiye ninayemwangalia kwa jicho kali. Dalili zake ni chembe nyeupe kushuka, damu kupungua, kuharisha, maambukizi yasiyoisha. Damu ya 8.4 ya mzee inaweza kuwa imetokana kwa sehemu na hiyo. Inaweza pia kuwa ni upungufu wa madini ya chuma, minyoo, malaria, au figo zenyewe. Daktari apime damu kamili na kuona chembe nyeupe ziko ngapi. Akiamua kupunguza maikofenoleti nitamwelewa, ila aamue yeye, kwa sababu anapopunguza moja anaangalia nyingine ina nguvu kiasi gani.

Prednisoloni nayo hushikwa na albumini, na tangu miaka ya 1970 inajulikana kwamba wenye albumini ya chini hupata madhara yake zaidi. Kwa miligramu 5 sina wasiwasi mkubwa. Apimwe sukari tu. Na kwa wasomaji wengine wanaotumia siklosporini: hiyo hubebwa na chembe nyekundu na chembe za mafuta ya damu, kwa hiyo haya ya albumini msiyahamishie kwenu moja kwa moja.

Turudi kwenye swali la daktari: albumini imekwenda wapi? Ini hutengeneza gramu 10 hadi 15 kwa siku, na albumini iliyomo kwenye damu hupungua kwa nusu kwa takriban wiki tatu kama hakuna mpya inayoingia. Kwa hiyo 26 ya leo mara nyingi inasimulia wiki nyingi zilizopita.

Mtuhumiwa wangu wa kwanza ni sufuria, na hapa nitaongea na mama kwa adabu zote. Mama, shikamoo. Hukukosea kufuata ulichoambiwa. Zamani mtu mwenye ini lililooza, akianza kuchanganyikiwa, alinyimwa nyama na maharage, na ushauri huo uliwaingia watu sana. Siku hizi hata kwa wagonjwa hao tumeuacha, kwa sababu uliwakondesha misuli na kuwamaliza haraka zaidi. Kwa mtu ambaye ana ini jipya linalofanya kazi ni kinyume kabisa. Anahitaji gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Akiwa na kilo 60 hiyo ni gramu 72 hadi 90. Yai moja lina gramu 6 hivi. Kipande cha samaki cha gramu 100 kina zaidi ya 20, kikombe cha maharage yaliyoiva karibu 15, glasi ya maziwa 8. Uji na mchicha havifiki hata karibu. Na kwenu Tanga hakuna udhuru: changu, dagaa, kunde za nazi, kuku, vyote vipo. Masharti ni mawili tu. Kila kitu kiive sawasawa, mayai yasiwe na kiini cha majimaji na maziwa yachemshwe, kwa sababu kinga yake iko chini. Na daktari akikuta figo zina ugonjwa mkubwa, kiasi hicho kitapangwa upya. Zile unga za protini za makopo sizikatazi, lakini pesa hiyo ingenunua samaki wengi.

Mtuhumiwa wa pili ni mkojo, na huyu simwachii nafasi. Miguu inayovimba, kreatinini inayopanda na albumini ya chini kwa pamoja vinanifanya nitake kujua kama protini inapotelea kwenye figo. Ni kipimo cha karatasi ya kuchovya kwenye mkojo. Bei yake ni ndogo na majibu ni ya papo hapo. Mkojo wenye povu lisilokatika nao ni dokezo. Kisha kuna maambukizi yaliyojificha, ambayo hushusha albumini ndani ya siku chache tu, na kuna ini lenyewe: mwombeni daktari aangalie pia kipimo cha kuganda kwa damu, INR, kwa sababu huonyesha nguvu ya ini ya kutengeneza protini mapema kuliko albumini, na apige picha ya utrasaundi kuona mishipa na njia za nyongo.

Huenda mtu akawashauri mtafute chupa ya albumini atundikiwe. Ina kazi zake, kwa mfano mtu anapotolewa maji mengi tumboni. Kuitundika ili namba ya albumini ipande, au ili namba ya takrolimusi ipendeze, ni kutupa fedha. Baada ya siku chache mtakuwa mlipokuwa.

Kuna jambo nataka mlijue mapema ili lisije likawatisha. Mzee akianza kula na damu ikapanda, namba ya takrolimusi itapanda pia bila dozi kubadilika, kwa sababu vibebeo vimerudi. Akiongezwa damu hospitali inaweza kutokea ndani ya muda mfupi. Atatokea mtu wa kusema dawa imezidi, punguzeni. Mkumbusheni kuangalia albumini na wingi wa damu vya siku ileile kabla hajaamua. Ndiyo maana napenda familia iwe na daftari ambalo kila kipimo kina tarehe, saa ya dozi, saa ya damu, takrolimusi, albumini, damu, kreatinini na ALT kwenye mstari mmoja.

Nimeongea sana habari za protini, lakini kwa uzoefu wangu vinavyowapeleka wagonjwa wodini ni vitu vya kawaida zaidi, vinavyogusa dawa huru moja kwa moja. Flukonazoli, klarithromaisini na erithromaisini huipandisha takrolimusi kwa kasi. Rifampisini ya kifua kikuu, fenitoini na kabamazepini huishusha mpaka ini linakataliwa. Zote hizo mtu anaweza kuandikiwa na daktari mzuri tu ambaye hakuambiwa kwamba mgonjwa wake amepandikizwa. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo dukani hutolewa kama pipi, asiziguse kabisa kwa figo hizo. Kuharisha nako huipandisha takrolimusi, ingawa watu hudhani kunaishusha kwa sababu wanaona chakula kinapita. Balungi na danzi aviache, lakini machungwa ya kawaida ya Muheza ale bila wasiwasi. Madafu niulizwe tena baada ya kipimo cha potasiamu: takrolimusi huipandisha potasiamu na madafu yamejaa potasiamu, kwa hiyo kwa sasa asiyageuze maji ya kunywa. Dawa za mitishamba, hata zile zinazosifiwa kusafisha ini, ziwekwe kando. Sizidharau, ila hakuna aliyepima zinafanya nini zikikutana na takrolimusi, na ini hili ni moja tu.

Msisubiri miadi, nendeni hospitali siku hiyohiyo, mkiona homa ya 38 au zaidi, macho kuwa manjano, mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi au kinyesi kuwa cheupe, tumbo kujaa, mkojo kupungua sana, kuharisha kunakopita siku moja, au kutapika kunakomfanya ashindwe kubaki na dawa tumboni. Akichanganyikiwa, akipata degedege, akiumwa kichwa vibaya au akiona ukungu machoni, hiyo ni dharura hata kama ni usiku wa manane, kwa sababu takrolimusi ikizidi hufika kwenye ubongo. Mkifika, neno la kwanza kwa yeyote atakayewapokea liwe "amepandikizwa ini", na la pili liwe majina ya dawa zake, mkiwa na maboksi yenyewe mkononi.

Kwa wiki hii, basi: mkojo, damu kamili, kreatinini na urea, potasiamu, magnesi, sukari, INR na ALT vipimwe hapo Bombo, na siku hiyohiyo damu ya takrolimusi itolewe saa 2 asubuhi kabla hajanywa dawa. Mpigieni simu daktari wa kliniki mumwambie kwa maneno haya: "Kipimo cha takrolimusi kilichopita kilitolewa saa 18 baada ya dozi, albumini ilikuwa 26, damu 8.4, na kreatinini imepanda kutoka 90 hadi 128." Akisikia hivyo hatawaambia msubiri wiki tatu. Na shangazi aende nanyi. Muuguzi mstaafu huuliza maswali ambayo familia husahau, na kwenye maikofenoleti nimeshasema hoja yake inastahili kusikilizwa na daktari mwenyewe.